Maharagwe Yaliyoota Mizizi Mara ya Pili

Wiki chache zilizopita, vijana wa kikundi cha kilimo hapa Kaloleni, Nairobi, walinijia wakiwa na chupa ya dawa mkononi. Mnajijua, siwataji. Maharagwe mliyopanda kwenye magunia nyuma ya ukumbi yalikuwa yamegeuka manjano, na mwenye duka alikuwa ameshawaambia kwamba ni wadudu. Mlitaka tu niwasomee maandishi ya chupa mjue kipimo. Nikawaambia dawa ikae kando kwanza, mnitafutie sepetu.

"Shosh, si utauua?" akaniuliza yule mrefu wenu, kwa lile jina mnaloniitia bibi yenu.

Nikamjibu kwamba ule mche ulikuwa umeshakufa, ila majani yalikuwa bado hayajapata habari. Nikachimba pembeni, nikauinua pamoja na udongo wake, nikautumbukiza kwenye karai la maji. Ulipotakata mkaona wenyewe. Mzizi mkuu ulikuwa wa kahawia, umelainika kama ndizi iliyosahauliwa, na ganda lake lilichubuka kwa kuguswa tu. Hakukuwa na mdudu. Kulikuwa na gunia lisilo na matundu chini, na kikundi kizima cha watu wanaopokezana kulimwagilia, kila mmoja akidhani mwenzake amesahau.

Mkaniuliza nilijuaje kabla ya kuchimba. Nikasema ni hadithi ndefu, mkasema mna muda. Basi nami ninao siku hizi, tangu nistaafu.

Maisha yangu yote ya ajira nilifanya kazi ya mizizi. Sisemi kilimo, nasema mizizi. Kituo chetu cha utafiti kiko nje ya jiji, na kitengo chetu kilikuwa kinazalisha mbegu mpya za maharagwe, haya mnayoyaita madondo. Vitengo vingine viliangalia majani, maua na ukubwa wa punje. Sisi tulipewa kuangalia kilichofichika, kwa sababu udongo wa nchi hii ulikuwa umeanza kubadilika na mizizi ya mbegu za zamani ilikuwa haiuwezi tena.

Aliyenifundisha alikuwa jirani yangu hapa hapa mtaani. Mzee Hassan alizaliwa Eastleigh, akaoa, akahamia Kaloleni, nyumba chache kutoka kwa ile ambayo baba yangu alipewa alipokuwa mtunza stoo wa reli. Alikuwa kwenye kituo kile tangu mimi nikiwa mwanafunzi. Nilipomaliza chuo cha kilimo na kupangiwa kazi huko, nilimkuta asubuhi kwenye basi la wafanyakazi, Jogoo Road, amekaa na chupa yake ya chai. Akanisogezea nafasi. Nafasi ile ikawa yangu kwa miaka mingi.

Siku yangu ya kwanza alinituma nikamletee mimea ya mstari fulani. Nilikuwa na cheti changu kipya na viatu vipya. Nikaenda, nikaing'oa kama mtu anayepalilia, nikarudi nayo mbio. Akaitazama, akaiweka chini taratibu.

"Umeniletea mashina," akasema. "Mizizi umeiacha shambani."

Kwa hiyo la kwanza: msing'oe. Ukiung'oa mmea, kinachokuja mkononi ni ile mizizi minene tu. Inayokunywa na kula ni ile myembamba kuliko unywele, na hiyo hubaki ardhini. Chimba duara, viganja viwili kutoka shinani, sepetu ishuke wima. Inua donge zima kwa mikono miwili kama unavyombeba mtoto aliyelala. Liloweke kwenye maji yenye sabuni kidogo, uliache lenyewe liamue kuachia. Usisugue. Tikisa polepole, badilisha maji, tikisa tena. Kisha tandaza mizizi juu ya kitambaa cheusi, ndipo utaiona.

Mwanzoni tulikuwa tunaoshea ndani, kwenye masinki ya maabara. Tukaziba mabomba ya jengo zima. Fundi wa bomba alipotoa ule udongo akauliza kama kuna mtu anajenga nyumba huko chini. Tangu siku hiyo tukahamishiwa nje, chini ya bati, na hapo ndipo nilipopata mafua yasiyoisha na mikono inayofanana na ya mvuvi.

Tulikuwa tunapima pembe ya mizizi kwa kile kipimo cha nusu duara cha watoto wa shule. Cha ofisi kilipopotea nilichukua cha mwanangu. Naye akamwambia mwalimu wa hisabati kwamba mama amekwenda nacho kazini, na mwalimu hakumwamini. Siku hizi unaweka mzizi kwenye mashine, inaupiga picha, na kompyuta inakupa urefu, unene na pembe kabla hujakaa. Watu hudhani mimi mzee nitalalamikia mashine hiyo. Siwezi. Iliniokolea mgongo wangu.

Na pembe ni ya nini? Ni hivi. Mzizi unaoshuka wima unafuata maji, unafaa pale mvua inapokatika mapema. Mzizi unaotambaa karibu na uso wa ardhi unafuata chakula, kwa sababu kwenye udongo uliochoka chakula kidogo kilichobaki kiko juu. Mmea hauna nguvu ya kufanya yote mawili kwa ukamilifu. Ukiupenda huu unaukosa ule. Basi mtu akikwambia ana mbegu inayofaa kila mahali, mwulize imewahi kuchimbuliwa na nani.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Kwetu ni magharibi, Maragoli, ambako mashamba ni madogo kiasi kwamba jirani akikohoa unamwambia pole bila kupaza sauti. Mama yangu alilima maharagwe pale, na alipofariki shamba likabaki kwa mdogo wangu Enos na mkewe Jeska. Walipanda maharagwe yale yale, msimu kwa msimu, na mbolea ile ile ya dukani, kwa kuwa hakukuwa na nafasi ya kupumzisha ardhi. Asidi ikajilimbikiza. Asidi ikizidi, ncha za mizizi huungua, zinabaki fupi na nene, hazifiki popote. Halafu mvua nazo zikabadilisha tabia. Badala ya kuja kwa utaratibu, zikawa zinamwagika zote kwa pamoja, maji yanasimama shambani, na kuvu iliyo udongoni inaingia kwenye ile mizizi dhaifu na kuiozesha.

Enos alinipigia simu msimu wa tatu mfululizo maharagwe yalipokufa. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaongea kama mtu aliyekwisha kuamua. Alisema atapanda mikaratusi shamba zima, auze nguzo, watoto watakula vya kununua. Nikamsihi asubiri. Nikamweleza kuhusu kazi yetu, kwamba tunazalisha mbegu bora.

"Dada, mnazalisha mbegu za udongo wa mama," akaniambia. "Udongo huo haupo tena."

Nilikaa na maneno hayo usiku na mchana. Mkaratusi ukishaota, mizizi yake haiyaachii maharagwe ardhi tena, na shamba lile ndilo lililotusomesha sote. Nikamweleza Mzee Hassan kwenye basi, naye akaniambia nimpelekee Daktari Wambui, mkuu wa kitengo, maneno ya Enos kama yalivyosemwa, bila kuyapamba. Nikayapeleka. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Aliuliza kama Enos angekubali tupande majaribio kwenye shamba lake, pale pale palipokufa, badala ya kwenye udongo wetu mzuri wa kituoni. Enos akatupa sehemu na kusema msimu mmoja tu.

Tukapeleka mistari mingi, kila mmoja mbegu ya ukoo wake, mingine kutoka nchi za mbali. Mvua ikaja kama ilivyozoea kuja siku hizi. Tulipofika kukagua, shamba lote lilikuwa manjano. Tukachimba hapa na pale, kila mzizi umeoza. Dereva akawasha gari. Daktari akasema tukusanye vibao vyetu, tumrudishie Enos shamba lake.

Mzee Hassan alikuwa amechuchumaa kwenye mstari mmoja karibu na mfereji. Akaomba jambo moja: kwamba mimea isilimwe kwanza, wiki mbili hivi, na Enos awe anainua udongo kidogo shinani mwa kila mche. Hakueleza kwa nini. Daktari akamtazama, akakubali. Enos akacheka, lakini akafanya.

Tuliporudi, shamba lilikuwa limekauka lote isipokuwa mstari ule. Ulikuwa umerudi kijani. Tukauchimba kwa uangalifu kama watu wanaofukua dhahabu. Mzizi wa zamani ulikuwa umeoza sawasawa na mizizi ya wenzake, mweusi, hauna maana. Lakini juu yake, shinani, pale Enos alipoinua udongo, mche ulikuwa umetoa mizizi mingine mipya, myeupe, imeenea pande zote karibu na uso wa ardhi. Haukuushinda ugonjwa. Uliuacha uchukue ule wa chini, wenyewe ukaanza upya juu. Mzee Hassan aliniambia baadaye kwamba siku ile ya kwanza aliona vipele vidogo kwenye shina, akadhani labda, lakini hakutaka kusema labda mbele ya watu.

Enos aliuangalia mzizi ule mkononi mwa Daktari kwa muda mrefu. Akapanda mikaratusi ukingoni tu mwa shamba, na sehemu iliyobaki akatuachia.

Mngedhani hadithi imekwisha. Kumbe ilikuwa haijaanza, kwa sababu punje za mmea ule zilikuwa ndogo, nyeusi tii.

Mke wa Mzee Hassan, Mama Zubeda, alikuwa anauza chapati na maharagwe wakati wa chakula cha mchana karibu na lango la Makongeni. Wateja wake walikuwa mafundi wa reli, vibarua wa viwandani, wachuuzi. Mzee Hassan akampelekea kilo kadhaa za zile nyeusi azipike. Mteja wa kwanza alirudisha sahani akisema ameuziwa chakula kilichoungua. Wa pili akauliza kama ni dawa. Na kabla hata hawajazikataa, Mama Zubeda mwenyewe alikuwa ameshazikataa, kwa kuwa zilikunywa makaa ya siku nzima na bado zilikuwa zinagonga meno.

Ikabidi tuchukue mizizi ya ile nyeusi tuitie kwenye maharagwe mekundu ambayo watu wanayapenda. Hii ndiyo kazi ya kuzalisha mbegu, na inafanyika kwenye ua. Ua la maharagwe lina haraka. Linajichavusha lenyewe kabla halijafunguka, kwa hiyo ni lazima ulitangulie. Unalichukua likiwa bado tumba, unalifungua kwa kibanio chembamba, unatoa vile vifuko vya chavua bila kuumiza kitu kingine, kisha unapaka chavua ya baba uliyemchagua. Ukibonyeza kidogo tu kupita kiasi, ua linaanguka kesho yake. Maua yangu ya mwanzo yote yalianguka. Mzee Hassan alikuwa anafanya huku akisikiliza taarifa ya habari redioni, na maua yake yanashika.

Kisha ni kusubiri na kutupa. Miche yenye punje nyekundu nzuri, ukiichimba, imerithi mizizi ya mama yake mwekundu, inaoza na kufa. Yenye mizizi ya baba ina punje nyeusi, au za kijivu, au zenye madoa ya kuudhi. Tulichimba, tukaosha, tukatupa, msimu baada ya msimu. Hapa mtaani watu walikuwa wanajua nafanya kazi ya utafiti, lakini kucha zangu ziliwatatiza. Mama mmoja kanisani aliniuliza kwa upole kama utafiti wenyewe ni wa makaburi.

Mwishowe tukabaki na ndugu wawili waliotoka kwenye ua moja la babu. Rasmi walikuwa na namba. Mzee Hassan akawapa majina. Mmoja akamwita Mkaidi, mwingine Mpole.

Mkaidi alikuwa na mizizi ambayo sijaona tena. Akiozeshwa chini, ndani ya siku chache ameshatoa mingine juu. Punje zake zilikuwa nyekundu sasa, hazina ubaya kwa macho, lakini zilikuwa ngumu, zinahitaji moto mrefu. Mpole alikuwa anaiva upesi, mchuzi wake mzito, na ganda halibaki kinywani. Mizizi yake ya pili nayo ilikuwa inakuja, ila inachelewa, na michache.

Mmoja tu ndiye angepelekwa kwa wakulima. Daktari alitaka maoni ya kila mtu, na hapo ndipo mimi na mwalimu wangu tulipotofautiana.

Mimi nilimtaka Mkaidi. Nilikuwa nafikiria shamba la kwetu, siwezi kukataa. Nikasema kwenye kikao kwamba hakuna anayepika kitu ambacho hakikuota. Mzee Hassan akajibu kwa sauti yake ile ile ya kila siku.

"Mwanamke mwenye jiko akiikataa mbegu, haitapandwa," akasema. "Na mzizi usiopandwa hauna kazi, hata uwe mzuri namna gani."

Daktari Wambui hakuamulia ofisini. Siku ya pili alikuja Makongeni, akakaa kwenye benchi la Mama Zubeda kati ya vibarua, akala sahani mbili, moja ya kila aina, akamwuliza Mama Zubeda kuhusu makaa, na wale vibarua kuhusu ladha. Akamchagua Mpole. Akaniita kando akaniambia kwamba hajasema mizizi ya Mkaidi haifai, na kwamba mbegu zake zitahifadhiwa.

Nilikubali kwa mdomo. Lakini asubuhi iliyofuata nilipanda basi nikapita ile nafasi niliyosogezewa siku zote, nikakaa nyuma. Mzee Hassan hakugeuka. Akanywa chai yake. Tukawa hivyo kwa muda, watu wa meza moja, tunapeana kibanio na karai, hatupeani habari za nyumbani. Mama Zubeda akinikuta dukani ananisalimia kama kawaida, ananiuliza hali ya watoto, haligusi jambo lile. Nadhani alikuwa anasubiri tuchoke.

Mpole akaenda kwa wakulima, akapendwa. Jeska, mke wa Enos, aliniambia anaiva mara moja na watoto wanamaliza sahani. Nilimpelekea na Mkaidi kidogo, wa kwetu tu. Akampanda pembeni, na baada ya kumpika mara moja akaniambia, "Wifi, hawa wako ni wazuri, lakini kuni zetu tunanunua." Hakumpika tena. Alimpanda kwa ajili ya heshima yangu.

Halafu ikaja mvua mbaya kuliko zote. Enos akapiga simu. Karibu nusu ya Mpole ilikuwa imekufa. Mkaidi, kwenye ile kona yake ya heshima, hakuwa ametikisika.

Siku hiyo nilikuwa sahihi, na haikunipa raha yoyote. Mzee Hassan alikuwa sahihi pia, kwa sababu kijiji kizima cha kwetu kilikuwa kimempanda Mpole na hakuna hata mmoja aliyeniomba Mkaidi. Asubuhi nilipopanda basi, nikasimama karibu na kiti chake kumweleza kuhusu simu ya Enos. Akaondoa chupa ya chai kwenye nafasi iliyokuwa wazi. Nikakaa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza ni mimea gani ya Mpole iliyopona, na kama Enos alikuwa ameiinulia udongo. Kisha akasema tuwaozeshe Mkaidi na Mpole.

Nikamwambia ni ndugu wa damu.

"Kwa watu ni haramu," akasema. "Kwa maharagwe ni kazi."

Tukapanda ndugu wale kwenye nyumba ya nailoni ya kukuzia mimea, wakatoa maua. Asubuhi ya kwanza ya kuchavusha, Mzee Hassan alikaa kwenye kigoda chake, akashika tumba, akainua kibanio. Nikaona ncha ya kibanio inatetemeka. Akaishusha, akasubiri, akainua tena. Ua likachanika. Lingine nalo likachanika. Alikuwa bado ana muda kidogo kabla ya kustaafu, na mimi nilikuwa nimeona chai ikimwagika kwenye basi nikadhani ni mashimo ya barabara.

Akanikabidhi kibanio. Akavuta kigoda chake karibu na bega langu. Mimi ndiye niliyefungua maua yote ya ndoa ile, lakini kila ua yeye ndiye aliyechagua. Alikuwa anasema hili bado, lile limechelewa, hili sasa. Nikikaza mkono alikuwa anaona kabla yangu, ananiambia nipumue. Mengi yakashika.

Alistaafu wakati miche ya kwanza ikiota. Kila jioni nikishuka kwenye basi nilipita mlangoni kwake. Alikuwa anakaa nje, mikono ameibana mapajani ili itulie, na anauliza swali moja tu: mizizi ya pili imetoka siku ya ngapi? Nilimpa majibu ya kila mstari. Tulitupa mingi, kama kawaida. Tulipofikia kubakisha michache, moyo wake ukasimama asubuhi moja baada ya swala. Alizikwa siku hiyo hiyo, na mimi niliomba ruhusa kazini nikakaa na Mama Zubeda na binti yake mpaka wageni walipokwisha.

Mbegu ile ilimaliza safari yake baada ya hapo. Nilichimba mizizi yake mpaka mwaka wangu wa mwisho kazini. Haiivi upesi kama Mpole na haina ukaidi wa Mkaidi, lakini iko karibu na wote wawili kuliko nilivyotarajia. Ina jina rasmi ambalo mimi mwenyewe hulisoma kwenye pakiti. Sasa wakulima wa kwetu wanayo. Msije mkadhani ndiyo imekuwa suluhisho la milele. Binti aliyechukua meza yangu ananiambia joto la udongo linapanda na kuvu mpya inaonekana, na ameshaanza kutafuta mizizi mingine. Ndivyo inavyotakiwa. Tungekuwa tumemaliza, asingekuwa na kazi.

Msimu huu wa mvua nilikwenda nyumbani. Maji yalikuwa yamesimama hadi mlangoni kwa Enos. Baadhi ya miche ilikuwa imekufa, mingi ilikuwa imesimama, na Enos alikuwa katikati yake anainua udongo kwa jembe, suruali amekunja. Nilipomwomba mche mmoja hakuung'oa. Alichimba duara, viganja viwili kutoka shinani. Sikumbuki kuwa niliwahi kumfundisha. Tukauosha pamoja kwenye karai la Jeska, nikauzungushia gazeti lililoloweshwa, nikaja nao Nairobi.

Sikwenda kwangu kwanza. Nilikwenda kwa Mama Zubeda. Siku hizi hauzi tena, binti yake ndiye anayeshika jiko la Makongeni, lakini chapati za nyumbani bado anazisukuma mwenyewe. Alifuta unga mikononi, nikamfungulia gazeti juu ya meza.

"Hii nini, Rispa?"

Nikamwonyesha. Huku chini, hii myeusi, ndiyo iliyooza. Hapa juu, hii myeupe, ndiyo iliyokuja baadaye. Nikamwambia ndiyo kazi tuliyokuwa tunafanya. Akauinua kwa ncha za vidole, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Mizizi ile ikiwa mibichi inang'aa kidogo.

"Miaka yote hiyo alikuwa ananiletea punje," akasema. "Nyeusi, nyekundu, nimepika zote. Anarudi na matope kwenye kucha, namwambia anawe. Sijawahi kumuuliza anachimba nini."

Akauliza kama tunaweza kuupanda kwenye debe hapo nje. Nikamwambia ukweli, kwamba ukishaoshwa hivyo haushiki tena, utakuwa umekauka kufikia kesho. Akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Akaufunga tena kwenye gazeti lake, vizuri, akauweka juu ya kabati, kando ya miwani ya mumewe. Kisha akarudi kwenye jiko, akageuza chapati iliyokuwa imeanza kuungua, akaniambia nivute kiti.